Mtu wa Karibu wa 418

Ilianza kwa mifupa ya kuku.

Yaqoub, mpishi wa kambi, alikuwa amefuga paka sita nyuma ya jiko lake, na kila mchana sahani zikirudi alikusanya mifupa akawamwagia. Kambi ilikuwa ndani ya Dubai Investments Park, ghorofa tatu za rangi ya vumbi zilizobanwa na maghala, wanaume mia nne na kitu, na Yaqoub alizijua sahani za kila chumba kwa namna zilivyorudi. Kwa hiyo siku aliyoingia ofisini kwa Mubin na sahani moja mkononi, hakuja kupiga soga.

"Mheshimiwa karani, chumba cha thelathini na moja wako wangapi?"

"Wanne," alijibu Mubin, macho kwenye kompyuta.

"Wanne nawapelekea, sahani nne zinarudi. Tatu zina mifupa. Ya nne haina." Akaiweka mezani. Ilikuwa safi, haina hata alama ya mchuzi. "Wiki tano sasa. Mtu gani anakula paja la kuku na mfupa wake, bwana?"

"Mwenye njaa. Mwambie ajaze fomu aongezwe."

"Nimwambie nani? Nimegonga pale mara ngapi sijui. Nawakuta watatu tu."

Mubin alifungua chumba cha thelathini na moja. Majina manne yakajipanga kwenye kioo. Wawili wa kiwanda cha vioo. Namba 212, Hazim Faraj, binamu yake mwenyewe. Na kitanda cha nne, cha juu, karibu na kiyoyozi: namba 418, Atheer Salum.

Alilitazama jina hilo muda mrefu. Kisha akakumbuka, na hata kukumbuka kwenyewe kulikuja polepole, kama mguu uliokaliwa unavyoamka.

Mubin alikuwa mtu wa Kisauni, Mombasa, wa hasira za karibu na haki kwa haki. Akikuona umepinda atakwambia umepinda, hata uwe arbab mwenye kampuni. Hakuna shule iliyomfundisha kompyuta. Alijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, enzi zile akiwa mlinzi wa ghala, video baada ya video, mpaka siku alipomwambia madam Judy, msimamizi wa kambi, kwamba madaftari yake matatu yalikuwa yanadanganyana. La vitanda lilisema watu hawa, la chakula lilisema wengine, la basi lilisema wengine kabisa. Madam Judy akamwambia kama anajua zaidi, akae yeye kwenye kiti. Akakaa.

Watu wote akawatia kwenye jedwali moja. Mtu mmoja, mstari mmoja. Kila mstari na namba yake, na namba ikishatolewa haipewi mwingine hata mwenyewe akiondoka. Jedwali la vitanda halikuandika majina, lilishika namba tu. La chakula vivyo hivyo, na la viti vya basi. Ukishaingizwa mara moja unajulikana kote. Unatandikiwa, unapakuliwa, unawekewa kiti, na jina lako linasomwa asubuhi mlangoni mwa basi.

Na kila mstari ulikuwa na safu moja isiyokubali kuachwa tupu: Mtu wa karibu. Hapo huandikwa namba ya mkaazi mwenzako, wa kuitwa ukiugua au usiporudi. Mubin aliiweka safu hiyo baada ya mkaazi mmoja kulazwa wiki nzima bila mtu wa kumuulizia, na alijivunia safu hiyo kuliko vyote.

Siku mfumo ulipokuwa tayari alitaka kuona kama jina likiingia linafika jikoni na kwenye basi bila kusukumwa. Akabuni mtu. Jina alilitoa kwenye lori la maji lililokuwa likipita dirishani. Kitanda akampa kile kilichokuwa wazi. Kwenye mtu wa karibu, kwa kuwa safu haikubali utupu, akapiga namba ya kwanza iliyomjia. Alikusudia kumfuta dakika ileile. Simu ikaita. Ilikuwa Kisauni: mama yake amefariki alfajiri.

Mubin alisema innalillahi, akauliza maziko ni saa ngapi, akaweka simu, akaendelea kuchapa mpaka saa za kazi zikaisha. Hakulia. Tangu siku ile moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hazim alimfuata jioni akamwambia, nenda nyumbani hata kama maziko huyawahi, na Mubin akamjibu maneno ambayo ndugu hawajibiani.

Wiki iliyofuata wakaazi walipanga foleni kuandikisha watu wao wa karibu. Zamu ya Hazim ilipofika alisema, "Niandike wewe. Nani mwingine nilonaye hapa?"

"Sitaki watu waseme karani anajiandikia ndugu zake."

"Hayo ndiyo maneno?"

"Ndiyo hayo."

Hazim akaondoka. Safu haikukubali utupu. Mubin akabonyeza namba ya mwisho kwenye orodha, bila kuisoma, akaita mtu mwingine.

*

Mchana uleule Yaqoub alipoleta sahani, Mubin alikwenda chumba cha thelathini na moja. Nje jua lilikuwa jeupe, joto limesimama kama ukuta, na ushoroba wa ghorofa ya pili ulikuwa kimya kwa sababu watu walikuwa kazini. Alipofungua mlango ikamjia harufu ya vumbi lililonyeshewa. Dubai, mwezi wa saba.

Hazim alikuwa kitandani, cha chini. Mwanamume wa miaka thelathini na nne, dereva wa foklifti, mtu wa vichekesho, mwenye mke na mabinti wawili Mtwapa. Sasa amelala chali, mkono wa kushoto umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

"Umekuja kuniandikia fomu?" aliuliza.

"Una nini?"

"Ganzi. Ilianzia vidoleni, ikapanda mkono, sasa iko hapa." Akagusa chini ya titi. "Kliniki wanasema joto. Nikawaambia mimi nasikia baridi. Wakanipa maji."

Mubin aliinua macho kwenye kitanda cha juu. Kilikuwa kimetandikwa, pembe zimekunjwa vizuri. Mfagizi hubadilisha shuka kila Jumamosi kwa kufuata orodha. Katikati ya godoro palikuwa na bonde refu, la urefu wa mtu.

Kwao Kisauni, mwenye kitanda akisafiri godoro hukunjwa na kusimamishwa ukutani siku hiyohiyo. Hakuna anayeeleza kwa nini. Mama yake alikuwa akilikunja kabla gari ya msafiri haijawashwa. Mubin, aliyekumbuka kila safu, hakukumbuka kuweka safu ya godoro.

"Analala pale nani?" alinong'ona.

"Wewe ndo unaniuliza?" Hazim naye alishusha sauti. "Si wewe uliyemleta? Siku za mwanzo dereva alikuwa akisoma jina lake, kimya. Akisoma kimya, akisoma kimya. Halafu siku moja mtu akaitika. Dereva hajali, akisikia sauti anatia alama. Mimi nikageuka. Kiti cha mwisho kilikuwa kimebonyea, bana. Hakuna mtu, na kiti kimebonyea."

"Mbona hukuniambia?"

"Unaambiwa wewe?"

Juu yao chuma cha kitanda kililia mara moja, kama mtu anayegeuka upande.

Hazim akafumba macho. "Hushuka nikisinzia," alisema kwa sauti ambayo Mubin ilibidi ainame kuisikia. "Ananiwekea mkono hapa. Hanikabi, hanipigi. Ananiambia tu, usiogope, mimi ndiye mtu wako wa karibu."

*

Mubin alirudi ofisini akitembea, kisha akikimbia. Akafungua namba 418, akabonyeza kufuta. Mfumo ukamjibu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: Huyu hafutiki. Kuna vinavyomtegemea.

Alijua maana yake. Mstari ukishikiliwa na mistari mingine hauondoki, la sivyo ile mingine itabaki ikielekeza pasipo na kitu. Yeye ndiye aliyeuwekea mfumo adabu hiyo. Lakini alikuwa ameacha pia njia moja ya mkato, kitufe chekundu alichokitengeneza kwa ajili ya chumba kizima kikihama: Futa pamoja na vyote vinavyomtegemea. Hasira ikampanda, akakibonyeza. Kwanza orodha ikafunguka, kama alivyoipangia, ya kumwonyesha kitakachoondoka.

Kitanda. Sahani. Kiti cha basi. Shuka. 212, Hazim Faraj.

Chini yake: Una hakika?

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Simu ikaita. Ilikuwa Yaqoub, aliyepeleka uji chumbani. "Karani, huyu ndugu yako ameacha kunijibu. Macho yako wazi, anapumua kama mtu anayekumbushwa kupumua. Unafanya nini huko?"

Mubin akaondoa kidole. Akafunga orodha. Kwenye simu akasikia Hazim akivuta pumzi ndefu, kisha akikohoa.

"Sifanyi kitu," alisema. "Kaa naye. Usiketi kitanda cha juu."

*

Ni Yaqoub aliyemjua Bi Sheikha, mama wa Kiunguja aliyekuja Dubai akiwa bibi harusi na sasa akiishi na mwanawe ghorofa ya tisa, Al Jaddaf. Mubin alimkuta miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, televisheni imezimwa sauti.

"Kaa, usinisimamie kama askari. Hebu sema."

Mubin akasema. Hakupamba. Bi Sheikha akamsikiliza huku akitazama picha kwenye televisheni.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu, bibi. Ni jaribio. Ni mstari tu kwenye hifadhidata."

"Sikukuuliza ni kitu gani. Nakuuliza umempa nini."

Mubin alimeza hasira. "Jina. Kitanda. Chakula mara tatu. Kiti cha basi. Shuka safi kila Jumamosi."

"Na jina wanaliita?"

"Kila asubuhi."

"Siku ngapi hizi?"

"Thelathini na nane."

"Na mtu, mwanangu? Umemkabidhi mtu?"

"Binamu yangu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Bi Sheikha akatoa mguu mmoja majini, akaufuta kwa kanga, akautazama. "Basi miye simfukuzi. Aliyejiingiza mwenyewe ndiye hufukuzwa. Huyu ameitwa, kalishwa, katandikiwa, utamfukuza kwa lipi? Utamvua kimoja kimoja, kwa mkono uleule, na uanze na ulichompa mwisho. Ukianza na jina atabaki na vingine vyote, na atatafuta jina jengine la kuvaa. Na lililo karibu naye ni la huyo ndugu yako."

"Mfumo nao ndivyo unavyotaka," alisema Mubin. "Haukubali kumfuta mtu mpaka uwe umeondoa vya chini yake."

"Basi una akili kukushinda. Na yeye, umemwandikia nani wa karibu?"

"Sikumbuki."

"Katazame. Maana akitoka atageuka nyuma, na atamgeukia huyo. Waweza kuandika mwengine, sijui, ni kitabu chako." Akarudisha mguu majini. "Nitakusomea kwa simu, magoti yangu hayawezi ngazi zenu. Atakuuliza kitu. Usimjibu. Hata akiuliza kwa sauti unayoipenda."

*

Walifanya baada ya adhuhuri, siku ya arobaini, ambayo Kisauni ilikuwa arobaini ya mama yake na watu walikuwa wakisoma hitima bila yeye. Madam Judy alikuwa mjini. Yaqoub alikaa na Hazim chumbani, simu moja sikioni. Simu ya pili Mubin aliilaza kando ya kibodi, na sauti ya Bi Sheikha ikaanza kusoma, ya haraka, isiyo na mapambo.

Alifungua mstari wa Hazim. Mtu wa karibu: 418. Akaifuta namba hiyo, akaandika 7, namba yake mwenyewe. Akahifadhi.

"Vidole vimecheza," Yaqoub alisema kwenye simu. "Anaviona, anacheka. Lakini kuna kitu juu hapa kimekaa kitako."

Mubin akaondoa kiti cha basi. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ikaingia ofisini kupitia kiyoyozi. Akaondoa shuka, akaondoa sahani, na nyuma ya jiko paka sita wakaanza kulia kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja. Akaondoa kitanda. "Kunja godoro," alimwambia Yaqoub, na akasikia Yaqoub akihema na kusema, ni zito, karani, ni zito kama lililolowa, kisha akisema bismillahi tena na tena, na kitu kikubwa kikaanguka chini huko juu ya kichwa chake, ghorofa ya pili, na baada ya hapo nyayo, si za kukimbia, nyayo za mtu aliyetolewa chumbani na anajua anakokwenda, zikishuka ngazi, zikipita jikoni, zikifuata ushoroba wa chini ambao una mlango mmoja tu mwishoni, na mlango huo ulikuwa wa ofisi, na Mubin alikuwa ameupa mgongo kwa sababu meza ilikaa hivyo.

Ulikuwa umebaki mstari mtupu. Jina na namba, na safu moja. Akaisoma. Mtu wa karibu: 7.

Ndipo akakumbuka namba ya kwanza iliyomjia siku ile. Hazim, binamu yake, alikuwa amemkataa yeye Mubin mwenyewe mbele ya foleni ya watu, kwa ajili ya haki. Na kitu kisichokuwepo alikuwa amekikubali wiki moja kabla bila hata kufikiri.

Angeweza kuandika namba nyingine. Wanaume mia nne, namba zao zilikuwa pale, na hakuna mmoja ambaye angejua. Nyuma yake mlango ulifunguka bila kulia, baridi ikamgusa shingoni, na sauti ya mama yake, ileile ya kwenye simu, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, ikauliza kwa upole, "Mubin, mwanangu, na mimi nani atakuja kuniulizia?"

Kwenye simu Bi Sheikha alisita. "Nani huyo anayesema hapo?" akauliza, kisha akaendelea kusoma, haraka zaidi.

Mubin hakumjibu. Machozi yalitakiwa kuja, hayakuja. Aliiacha saba mahali pake, kwa sababu ilikuwa yake, akabonyeza kufuta. Mfumo haukuuliza kitu. Baada ya 417 kukawa na 419.

*

Hazim alirudi kwenye foklifti wiki hiyohiyo. Kitanda cha nne kilibaki na godoro limesimamishwa ukutani, na madam Judy alipouliza, wakaazi wa chumba walimwambia limelowa. Paka wa Yaqoub walinenepa. Jioni moja Hazim alikuja ofisini na chai mbili, wakakaa bila kuzungumzia lile, mpaka alipoondoka akasema, "Nimeona umeniandika."

"Nimekuandika."

"Khalas basi."

Mwezi uliofuata madam Judy alitaka orodha yote ichapishwe, kila mkaazi na mtu wake wa karibu, kwa ajili ya ukaguzi. Mubin aliipitia mstari kwa mstari kabla ya kuichapa, kama desturi yake. Alipofika kwenye mstari wake mwenyewe akasimama. Tangu mfumo uanze mtu wake wa karibu alikuwa 102, Yaqoub. Sasa palikuwa na 418.

Namba hiyo haikuwepo. Mfumo haukubali kuelekeza kwa asiyekuwepo. Yeye ndiye aliyeuwekea sheria hiyo, na haikuwa na mlango wa nyuma. Akafuta, akaandika 212, Hazim. Akahifadhi, akafunga, akafungua. 418. Akarudia mara tatu. Mara ya nne aliandika kwa mkono wa kulia peke yake, maana wa kushoto ulikuwa umelala mezani tangu asubuhi na hakujua tangu saa ngapi.

Alingoja aogope. Akangoja kidogo zaidi. Kisha akaichapa orodha kama ilivyokuwa, akaipeleka kwa madam Judy, akarudi kukaa.

Yaqoub aliingia kukusanya sahani za mchana. "Leo umejitahidi, mheshimiwa," alisema, akiinua ya Mubin kutoka pembeni ya kompyuta. "Paja zima lile." Kisha akaigeuza sahani kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi, haina hata alama ya mchuzi.

"Karani," alisema polepole, "mifupa iko wapi?"

Mubin aliitazama ile sahani. Hakukumbuka kuigusa.